Kuongoza matembezi Hori ya Mida: fuata maji, usifuate saa ya basi

Hori ya Mida ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kusini mwa Watamu, Kaunti ya Kilifi: takriban kilomita za mraba 32 za mikoko, tope, mchanga na mikondo ya maji. Imo katika eneo la hifadhi ya bahari la Watamu lililotangazwa mwaka 1968, chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori wa Kenya. Magofu ya Gede, yaliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, yako jirani, na ng'ambo ya barabara ya Mombasa–Malindi umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa hiyo wageni wengi hufikishwa Mida mwisho wa safari, baada ya Gede na chakula cha mchana, basi likiwa na nusu saa ya kusubiri. Kiongozi huwachukua kwa saa ya basi. Wakifika, ama maji yamejaa hadi kwenye matawi na hakuna cha kuonyesha ila majani, ama yamepwa mno na ndege wako mbali kama punje za ufuta.

Maelezo haya ni ya kupanga siku moja nzima, yaani matembezi ya asubuhi kwenye mikoko, matembezi ya alasiri ya ndege, na maongezi ya usiku kijijini. Yameandikwa kwa vikundi vya wenyeji, walimu wa klabu za mazingira na vijana wanaoanza kazi ya kuongoza. Mengi yatafaa pia kwenye mikoko ya Gazi, Chwaka au Rufiji, ila saa za maji za huko utazipima upya mwenyewe.

Kuchagua siku

Maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Kwenye robo za mwezi ni maji mafu, na tofauti hiyo hubaki kama mita moja na kidogo. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba.

Siku unayoitaka ni ya bamvua, hasa tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa 5 na saa 6 na nusu mchana, na kujaa kati ya saa 11 na saa 12 na nusu jioni. Asubuhi unapata tope wazi, alasiri unapata maji yanayopanda na kusukuma ndege karibu, na jua la mchana mkali mnalikaa kivulini mkila. Hakuna siku nyingine inayokupa yote mawili. Kwenye maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi ya saa 4 au 5, tope halifunuki vizuri, na ndege hutawanyika kwa kuwa hakuna kinachowasukuma.

Tarehe za mwezi hukusaidia kuchagua wiki. Saa kamili utaipata kwenye jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa. Hapa kuna kosa moja linalorudiwa kila msimu: jedwali limeandikwa kwa saa za Kizungu, na mtu akimwambia mwenzake kwa simu «maji yanapwa saa kumi na moja» huku akisoma 11:00, mmoja atafika asubuhi na mwingine jioni. Kwenye tangazo andika zote mbili: saa 5 asubuhi (11:00).

Kwa majira, ndege wahamiaji huanza kurudi Agosti na wengi huwa wameondoka ifikapo mwisho wa Aprili. Ukipanga matembezi ya ndege Juni utakuta wachache, hasa wadogo ambao hawajafikia umri wa kuzaa na hawakuona haja ya kusafiri. Mei ni mvua kubwa ya masika na njia zote ni utelezi. Oktoba hadi Machi ndio wakati wa kuita watu.

Ufito wa kupimia

Jedwali ni la Kilindini, bandari ya kina kirefu. Maji ya Mida hupita mlango mwembamba kabla ya kusambaa ndani ya hori, kwa hiyo huko ndani huchelewa. Huchelewa kiasi gani, inategemea unaposimama. Usikisie, pima.

Chukua ufito ulionyooka wa mita 2, upige rangi alama kila sentimita 10, uukite kwenye ukingo wa mkondo mdogo karibu na njia yako, mahali ambapo hukauka bamvua likipwa. Kaa nao siku mbili za bamvua na siku moja ya maji mafu, ukiandika kila nusu saa maji yamefika alama gani. Linganisha saa yalipogeuka hapo na saa ya jedwali. Tofauti hiyo ndiyo nyongeza yako, na kuanzia hapo jedwali la Kilindini linakuwa jedwali lako. Omba ruhusa kwanza kwa walinzi wa hifadhi na kwa BMU ya hapo, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kabla ya kukita chochote, na ufito ung'olewe usipouhitaji tena.

Jambo la pili la kujua ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote mara 12. Saa ya kwanza baada ya kugeuka hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ya siku hiyo ni mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu na mgeni haoni kitu, saa ya pili ni 60, kisha saa ya tatu na ya nne ni 90 kila moja. Hayo 90 ni kiuno cha mtu mzima kwa saa moja. Ni makadirio, lakini yanatosha kukupa sheria isiyovunjwa: kundi linageuka kurudi maji yanapogeuka, hata kama kuna mtu anapiga picha nzuri. Aliyevuka mkondo mkavu kwenda na akachelewa saa mbili na nusu harudi kwa miguu kwa njia ile ile.

Kabla ya siku yenyewe

Njia itembee mara mbili, mara moja wiki moja kabla na mara moja jana yake, kwa saa ile ile ya maji. Tope huhama. Palipokuwa pagumu mwezi uliopita panaweza kuwa pa kuzama hadi goti.

Kundi lisizidi watu 12 kwa viongozi wawili, mmoja mbele na mmoja mkiani. Zaidi ya hapo wa nyuma hawasikii, huanza mazungumzo yao, na kaa wote wanaingia mashimoni. Wakija 30 wagawe, kundi la pili lianze dakika 40 baadaye. Kwenye daraja la mbao lililopita juu ya mikoko waulize wanaolisimamia watu wangapi wanapita kwa pamoja, na uwaachanishe. Daraja la kuning'inia huyumba, na mtu akiogopa katikati wote husimama.

Viatu ni jambo la kusisitiza kwenye tangazo: raba za kufunga kamba zilizochakaa. Ndara hubaki kwenye tope hatua ya tatu, na anayeendelea pekupeku huchomwa na mizizi ya mchu iliyosimama kama misumari. Buti za mvua hazifai pia. Tope likiingia juu, kila mguu unakuwa na kilo zake.

Maji ya kunywa ni lita moja kwa kila mtu kwa matembezi ya saa mbili. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi ya Kenya, kwa hiyo beba mtungi na vikombe vya bati, au waambie waje na chupa zao za kujaza. Mkoba wa kiongozi wa mkiani uwe na kamba ya mita 15, filimbi, bendeji, dawa ya kuoshea kidonda, chupa ya chai yenye maji moto na nambari ya simu ya zahanati iliyo karibu. Yale maji moto si ya chai. Mtu akichomwa na taa, samaki bapa anayejifukia mchangani kwenye mikondo, sehemu iliyochomwa hutumbukizwa katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na maumivu hupungua huku akipelekwa hospitali. Chupa moja haitatosha muda wote huo, ila inaanza kazi huku mnatafuta jiko kijijini. Ili lisitokee, wafundishe wote kuburuta nyayo wanapopita kwenye maji badala ya kuinua mguu na kukanyaga. Taa akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma.

Ada za kuingia hubadilika, na za KWS hulipwa kwa mtandao wa eCitizen. Hakikisha wiki hiyo hiyo, uwaambie wageni kiasi kabla hawajatoka nyumbani.

Asubuhi: tope na mikoko

Anzeni muda wa saa moja na nusu kabla maji hayajapwa kabisa, ili mwende nayo yakishuka na mgeuke nayo yakigeuka. Simama vituo vitano, si zaidi, na kila kituo kiwe na kitu kimoja cha kufanya kwa mikono, kwa ulimi au kwa masikio. Kiongozi anayetaja miti yote saba na ndege arobaini anajifurahisha mwenyewe. Mgeni atarudi nyumbani na miti miwili, na miwili hiyo aijue kweli.

Kituo cha kwanza kiwe mchu, kwa kuwa uko upande wa nchi kavu na watu bado wana viatu safi. Mwambie kila mmoja aguse jani kwa ncha ya ulimi, asilichume. Ni chumvi tupu. Kukiwa na jua na hakujanyesha utaona vipunje vyenyewe vikimeta juu ya jani. Mchu hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwa majani. Hatua chache mbele simama kwenye mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayoshuka kama miguu ya buibui, waonje tena. Hakuna kitu, maana mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isipande kabisa. Miti miwili, dawa mbili za shida moja. Maelezo haya huchukua dakika nne na hayasahauliki.

Cha pili ni harufu. Chimba tope kwa kijiti kina cha kidole, unuse: yai bovu. Juu tope ni la kahawia, chini ni jeusi, kwa sababu hewa haifiki huko. Hapo ndipo uoneshe ile mizizi inayochomoza juu. Ya mchu ni myembamba kama penseli, ya mlilana ni minene na imechongoka kama pembe, na wavuvi wa zamani waliikata kutengenezea maboya ya nyavu. Mti unapumua kwa mizizi hiyo, na unayeikanyaga unaziba pua yake. Usiseme «msikanyage» mapema, sema baada ya kunusa, watakuelewa.

Kituo cha tatu ndicho roho ya asubuhi, nacho hakihitaji maneno. Tafuta uwazi wa tope wenye vishimo vingi, wapange watu mstari mmoja, jua lisiangushe vivuli vyao mbele, uwaambie wasimame bila kutikisa hata mkono kwa dakika tano. Dakika ya kwanza hakuna kitu na watoto watakuangalia wewe. Ya pili vinachomoza vijicho viwili juu ya vijiti. Ya nne uwanja wote umejaa kaa wadogo, madume wakiwa na gando moja kubwa kuliko mwili wao, jekundu au la manjano, wakilipunga juu na chini kumwita jike. Mwangalie mmoja tu. Gando lile dogo linachota tope, linapeleka mdomoni, linarudi, linachota. Mdomoni tope huchujwa chakula, na mabaki hutemwa kama kidonge kidogo cha duara. Vidonge vinavyozunguka kila shimo ni kazi ya tangu maji yalipotoka. Jike ana magando mawili madogo na hula kwa yote mawili, dume hula kwa mkono mmoja. Wakati huo huo sikilizeni: kuna mlio wa kutatarika kila upande, kama chumvi kwenye moto. Ni kamba wadogo wakifyatua magando yao chini ya tope. Mtu mmoja akikohoa, uwanja unabaki mtupu, na mnaanza upya.

Vituo viwili vilivyobaki chagua kwa mahali na watu. Tondo, wale konokono weusi warefu wanaotambaa kwenye majani yaliyoanguka, wanafaa watoto. Mkandaa, ambao gome lake lilitumika kutia rangi na kuhifadhi nyavu na ngozi, unafaa watu wazima. Na kwa waliotoka Lamu, Mombasa au Oman, simama kwenye mkoko ulionyooka useme majina yake ya biashara ya zamani: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila jina ni unene wake, boriti ikiwa takriban sentimita 11 hadi 13. Vyumba vya nyumba za mawe za mji mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti, na majahazi yalizipeleka Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea, mpaka Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje mwaka 1982. Ukiwa na vipande vya fito, pau na boriti vilivyokatwa kwa kibali, vipitishe mkono kwa mkono.

Mtu akikwama kwenye tope

1. Kundi lote lisimame lilipo. Anayekimbilia kusaidia ndiye wa pili kukwama.
2. Aliyekwama asivute mguu kwenda juu. Kuvuta hutengeneza ombwe chini ya unyayo, tope likazidi kushika, na goti likateguka.
3. Aegemee nyuma hadi karibu kukaa, uzito uhamie makalioni, kisha auzungushe unyayo taratibu mbele na nyuma mpaka maji yaingie pembeni ya kiatu.
4. Mguu ukilegea, autoe kwa kuupeleka nyuma usawa wa tope, si juu. Kamba hutupwa kwa ajili ya kushikilia, si ya kumvuta.
5. Kiatu kikibaki, kifuatwe baada ya mtu kuwa salama na maji yakiwa bado mbali.

Alasiri: ndege

Watu wapumzike, wanaoswali waswali Adhuhuri, mle chakula, kisha mtoke tena muda wa saa tatu kabla maji hayajajaa. Wanaotaka kuswali Alasiri kwa wakati wake watengewe robo saa na mahali pasafi, iingie kwenye ratiba na isiwe jambo la kuombwa.

Jambo la kwanza ni jua. Ukiwa ukingo wa magharibi wa hori, asubuhi jua liko usoni na kila ndege ni kivuli cheusi, ila alasiri liko mgongoni na rangi zinaonekana. Jambo la pili ni kufika kabla ya ndege. Mkae kwenye kibanda cha kuangalilia au nyuma ya mikoko, kimya, mngoje maji yawalete. Ndege akija mwenyewe hatua 40 kutoka mlipo, hana wasiwasi nanyi. Mkimfuata nyinyi, hatua 150 ataruka.

Darubini za 8x42, zinazokuza mara 8, zinatosha, moja kwa watu wawili. Za kukuza zaidi hutetemeka mikononi na wageni wengi hawaoni kitu. Kama mna darubini kubwa ya miguu mitatu, anza na ukuzaji mdogo wa 20, mlenge ndege aliyetulia, na uweke jiwe chini mbele yake watoto wapande. Kila mtu sekunde kumi, mzunguko unarudi.

Mwenye nyumba alasiri ni mla kaa, Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi kama jambia. Mwangalie anavyokula: hatua tatu za haraka, anasimama, anachoma, anamtikisa kaa mpaka miguu itoke, kisha anameza. Hazaliani Mida. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga kuanzia Somalia hadi Oman na Ghuba ya Uajemi, ambako huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani, joto la mchanga likimsaidia kuliatamia. Msomaji aliye Maskati na aliye Watamu wanatazama ndege wale wale, kwa miezi tofauti. Pembeni yake kuna sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda, na makundi ya vitwitwi, baadhi yao wakiwa wamelelewa kwenye baridi ya Siberia. Heroe huja na kuondoka bila taarifa. Usiwaandike kwenye tangazo, maana aliyeahidiwa heroe asiwaone hataona kingine chochote.

Dalili za kuwaudhi zijue kabla hazijawa kishindo. Ndege akiacha kula na kunyoosha shingo, simameni. Wa mbele wakianza kutembea wakiwapa mgongo, rudini hatua kumi. Wakiruka, mmeshachelewa. Machi na Aprili jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa wanajaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa bure wanachoma sehemu ya safari hiyo. Kwa sababu hiyo pia droni isirushwe, hata kama mgeni ana kibali cha mahali pengine.

Hesabu iwe kazi ya mtu mmoja mwenye daftari. Kundi kubwa usilihesabu moja moja: hesabu kumi, zione ukubwa wake kwa jicho, kisha rudia «kumi» hizo mpaka mwisho wa kundi. Andika tarehe, saa, alama ya maji kwenye ufito na upepo.

Ombi la kupanda mikoko

Kila kundi la tatu litataka kupanda mti, na wengine watakuja na fulana zilizochapishwa kabisa. Usikubali kwa adabu tu. Lile tope wazi linaloonekana tupu ndiyo sahani ya ndege mliotoka kuwatazama, na mikoko iliyopandwa hapo kwa kawaida hufa, kwa kuwa maji hukaa juu yake muda mrefu mno. Kama kikundi cha wenyeji kina mahali palipokuwa na mikoko ikakatwa, na kinakubali, pandeni hapo na hapo tu. Mche wa mkoko huota ukiwa bado juu ya mti, mrefu kama rula au zaidi. Uliokomaa una kola ya manjano shingoni na hutoka ukiguswa, wa kijani mpaka juu uacheni. Uchomeke wima kina cha sentimita 5 hadi 7, ncha iliyochongoka chini, mita moja baina ya mche na mche. Ukichomeka kichwa chini, na wageni hufanya hivyo sana, unaoza.

Maongezi ya usiku

Maongezi yafanyike kijijini, barazani au kwenye uwanja wa shule, na wenyeji waalikwe kwanza, wageni baadaye. Wengi wanaoishi kilomita mbili kutoka horini hawajawahi kushika darubini. Mjulishe chifu na BMU wiki mbili kabla. Usianze baina ya Magharibi na Isha, anza saa 2 usiku. Shuka jeupe lililokazwa kwa kamba pembe zote nne linatosha kuwa pazia, picha zisizidi 12, na jenereta liwe hatua 50 nyuma ya jengo, la sivyo mtapiga kelele usiku kucha.

Mpangilio unaofaa ni huu. Dakika tano za kuuliza waliohudhuria: nani anajua samaki gani walikuwa horini zamani na sasa hawapo? Kisha dakika 20 za picha, mkitumia majina ya hapa, na mtu wa kutafsiri Kigiriama kwa kina mama na wazee wanaopenda kusikia kwa lugha yao. Kisha dakika 15 za mzee mvuvi au mama anayevua kamba, mliyekubaliana naye mapema na kumlipa kama mnavyomlipa mgeni rasmi. Kaa naye siku mbili kabla, mwulize mambo matatu tu atakayozungumzia. Asipoongozwa ataanza na nasaba, na ni haki yake, lakini watoto watalala. Nusu saa iliyobaki ni ya maswali.

Tunda la mkomafi likipatikana chini, lililoanguka lenyewe, mlete. Ni la duara, zito, kubwa kama kichwa cha mtoto. Likipasuka, mbegu zake huachana kama vipande vya fumbo, na kuzirudisha ziwe duara tena ni kazi ngumu ajabu. Wape watoto wa mbele, mtapata utulivu wa nusu saa na umati wa watu wazima wanaotaka kujaribu. Makombe na matumbawe msiyaokote horini kwa ajili ya maonyesho, onyesheni kwa picha.

Kuna swali litakaloulizwa kila mara, mara nyingi na kijana aliyesimama nyuma: pesa za wageni zinakwenda wapi? Usilijibu kwa jumla. Uwe na karatasi yenye hesabu ya msimu uliopita, watu wangapi walikuja, walilipa nini, kiongozi alipata kiasi gani, karo au kisima kilipata kiasi gani, mkaisome kwa sauti. Kama mgao haujafanyika, sema haujafanyika, na utaje siku ya kikao cha kuugawa. Kijiji kinachojua hesabu hulinda mikoko usiku, bila mlinzi wa kuajiriwa.

Usiku ule ule, kabla ya kulala, kiongozi wa mkiani akae na daftari: maji yaligeuka saa ngapi kwenye ufito ikilinganishwa na jedwali, njia ililegea wapi, nani alichoka kituo cha ngapi, mla kaa walikuwa wangapi. Mbegu za mkomafi alizokusanya kwa watoto azirudishe kesho yake horini maji yakiwa yamejaa, zielee ziendako.